Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Wakulima wengine huchimba bwawa leo na kununua vifaranga wa tilapia kesho. Siku ya tatu huokota mizoga, na fedha zimekwenda. Yafaa kuyatayarisha maji kwanza.

Jaribu udongo. Finyanga tonge lenye unyevu, ulirushe juu, ulidake. Likivunjika, hapo maji yatavuja. Kina kiwe nusu mita upande wa maji kuingia, na mita moja au zaidi kidogo upande wa kutokea.

Jaza maji, tia samadi kidogo, ungoje siku saba hata kumi mpaka yawe ya kijani. Ukijani huo ndio chakula cha samaki. Tumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama kiganja kimepotea kabla kiwiko hakijalowa, samadi imezidi, usitie tena.

Vifaranga wakifika, usiwamwage. Acha mfuko wao uelee bwawani dakika 15 hata 30, joto la maji lilingane, ndipo uufungue watoke wenyewe. Mita moja ya mraba yatosha samaki wawili au watatu.

Ukiwaona asubuhi wakihema juu ya maji, hewa imepungua. Acha samadi, ongeza maji safi upesi.

Kabla ya kununua, mwonyeshe afisa wa uvuvi bwawa lako.