Washirazi ni Nani? Ardhi Ina Jibu Lake

Mswahili akihamia Kitengela au Magadi kikazi, hakawii kuulizwa: "Nyinyi watu wa Pwani si mlitoka Uajemi?" Wengi wetu huitikia kwa fahari kwamba ndiyo, sisi ni Washirazi. Lakini swali hilo si la kuchukuliwa kimzaha. Mtu anayeambiwa asili yake ni ng'ambo, kesho ataambiwa hata kiwanja anachokaa si chake. Basi tuangalie wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata nini, Uajemi na hapa kwetu.

Kiasi cha kilomita 60 kutoka Shiraz yapo magofu ya Persepolis, ambayo Wairani huyaita Takht-e Jamshid. Mfalme Darius alianza kuujenga mji huo karibu mwaka 518 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ukumbi wake mkubwa ulikuwa na nguzo 72. Leo zimesimama 13 tu. Kwenye kuta za ngazi wamechongwa wajumbe wa mataifa waliomletea mfalme zawadi, wakiwemo Waafrika na pembe ya ndovu. Mwaka 330 kabla ya Nabii Isa, Alexander wa Makedonia aliuteka na ukateketea kwa moto. Mwaka 1933 vilifukuliwa humo maelfu ya vibao vya udongo vyenye hesabu za posho za wafanyakazi, wanaume kwa wanawake.

Wapo wetu wanaopenda kujinasibisha na wafalme hao kwa kuwa Shiraz iko jirani. Hesabu haikubali. Mji uliungua zaidi ya miaka 900 kabla ya Hijra, na Washirazi tunaosimuliwa na wazee wetu walikuwa Waislamu. Tarikh ya Kilwa inamtaja Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz, kuwa mfalme wa kwanza wa Kilwa.

Je, ardhi yetu inasemaje? Kule Shanga, kisiwani Pate, chini ya msikiti wa mawe palipatikana alama za misikiti midogo ya miti na udongo, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Vyungu vingi vya mji huo vilifinyangwa na wenyeji, na vichache vilitoka Ghuba. Kizimkazi, Unguja, msikiti una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika makaburi ya kale, Manda na Mtwapa hadi Kilwa. Kwa wengi wao, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba ulikuwa zaidi wa Kiajemi. Damu hizo zilianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000.

Kwa hivyo wazee hawakutudanganya, ila simulizi ilimsahau mama. Baba Mwajemi alikuja na jahazi, akamkuta mama ana mji, ana mtumbwi, ana lugha. Watoto wakasema lugha ya mama, ndiyo hii unayoisoma. Anayetuita wageni hana hoja, na anayejivunia Shiraz huku akimkana bibi yake Mwafrika hana hoja vilevile.

Ushahidi huu umo ardhini, nasi tunauvunja. Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, zana za mawe walizozichimbua akina Leakey miaka ya 1940 nyingi zimeachwa pale pale, zikalindwa. Kwetu, mawe ya magofu huchukuliwa yakajengewa msingi wa nyumba, na kiwanja chenye makaburi huuzwa. Sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Tuitumie. Siku tukidaiwa ithibati ya asili yetu, makaburi hayo ndiyo hati.