RISASI ISIYO NA BUNDUKI

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo nakusimulia habari za mwanakemia aliyeinama kweli kweli, akapiga deki maabara yake mwenyewe, na alichokipata mvunguni hakikuwa kile alichokuwa akikitafuta.

Jina lake Clair Patterson. Alizaliwa mwaka 1922 katika mji mdogo wa Mitchellville, jimbo la Iowa, Marekani. Alisomea kemia katika Chuo cha Grinnell akahitimu mwaka 1943, na mwaka 1951 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka uliofuata alihamia taasisi ya Caltech, California, akatafiti huko kwa miaka ipatayo 40.

Kazi aliyopewa na mwalimu wake, Harrison Brown, ilihusu umri wa mawe. Madini ya urani hubadilika polepole sana hadi yakawa risasi, yale madini mazito ya kijivu ambayo hata ya bunduki hutengenezwa kwayo. Kwa hivyo ukipima risasi na urani iliyobaki katika jiwe, utajua jiwe lina umri gani. Rahisi, sivyo?

Lakini kila akipima, alikuta risasi nyingi kupita kiasi. Mimi nakumbuka muhula wa kwanza nilipofanya taitresheni mara 3, kila mara na jibu lake. Nikaandika tu namba zilizokaribiana na za jirani yangu. Kumbe sikuwa nimesuuza pipeti! Patterson hakunakili. Aliuliza: hii risasi ya ziada inatoka wapi? Akagundua imo katika vumbi, katika maji, katika kemikali, hata katika nywele na nguo zake. Basi akajenga chumba maalum chenye hewa iliyochujwa, akasugua sakafu, akasafisha vyombo kwa asidi. Miaka ikapita. Hatimaye alipima kimondo kilichoanguka Arizona, na mwaka 1956 akachapisha jibu: dunia yetu ina umri wa miaka bilioni 4.55. Mpaka leo jibu hilo halijabadilika sana.

Mwingine angeridhika hapo. Yeye alibaki na swali la ule uchafu. Alipima maji ya bahari akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya vilindini, ishara kwamba imeingia juzi juzi tu. Akapima theluji na barafu ya Greenland tabaka kwa tabaka, kama mtu anayefungua daftari la zamani, akaona risasi imeongezeka takriban mara 200 tangu zama za kale. Mwizi mkubwa akajulikana: petroli. Tangu mwaka 1923 petroli ilikuwa ikitiwa risasi ili injini isigonge. Kila gari lililopita liliitoa kwa moshi, na watu wakaivuta.

Mwaka 1965 aliandika wazi kwamba Mmarekani wa kawaida ana risasi mwilini karibu mara 100 ya kiwango cha asili. Wenye viwanda wakaja juu. Fedha za utafiti alizokuwa akipata kutoka kwa sekta ya mafuta zikakatika. Hakunyamaza. Risasi ilipoanza kupunguzwa katika petroli, ile iliyomo katika damu ya Wamarekani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 75 kati ya mwaka 1976 na 1991. Patterson alifariki Desemba 1995. Mwezi uliofuata, petroli hiyo ikapigwa marufuku kabisa katika barabara za nchi yake.

Kwetu Kenya iliondoka mwaka 2006, kabla sijazaliwa. Na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi inayouza petroli ya magari yenye risasi. Algeria ilikuwa ya mwisho.

Mbona basi nawachosha? Kwa sababu risasi bado tunaishi nayo. Mjomba wangu ni mvuvi. Hununua betri kuukuu za gari, akazivunja, akayeyusha risasi yake kwa jiko la makaa uani ili apate chubwi za nyavu. Mdogo wangu wa miaka 4 huchezea majivu pale pale. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi.

Nilipomweleza, mjomba alicheka. "We mtoto, tumefanya hivi tangu zamani, nani amekufa?"

Yeye ndiye hunilipia karo, kwa hivyo nilijibu kwa adabu: "Mjomba, wenye petroli nao walisema hivyo hivyo."

Bado hajaacha, lakini jiko amelihamishia mbali na nyumba. Na mimi kila jioni napiga deki sakafu kwa tambara lenye maji, maana ufagio hurusha vumbi.

Wenzangu wa maabara, jibu likikataa, msinakili la jirani. Suuzeni pipeti kwanza. Likikataa tena, ulizeni kwa nini. Huenda hilo kosa lina jambo linalotaka kuwaambia.