Isome Fremu Kabla ya Msasa

Mpelekee fundi fremu kuukuu ya baiskeli, na kitu cha kwanza atakachoshika ni msasa. Hana kosa, wewe mwenyewe umemwambia unataka ing'ae. Ila hadi jioni, alama zote zilizokuwa zikieleza chuma hicho kilitoka wapi na lini zitakuwa vumbi jeusi sakafuni, nawe utarudi nyumbani na bomba zuri lisilo na ukoo.

Ufipa ni nchi ya baiskeli. Uwanda huu wa kusini magharibi mwa Tanzania uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari: nyasi, mashamba ya mahindi na ulezi, miinuko ya taratibu, safari ndefu kati ya Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere. Balaa liko ukingoni, Lyamba lya Mfipa, uwanda unapoporomoka kuelekea Ziwa Rukwa. Kupanda pale baiskeli haiendeshwi, husukumwa, na mzigo wa samaki ukiwa kwenye keria. Siku hizi bodaboda zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na zile baiskeli ndefu nyeusi zenye breki za vyuma zimewekwa darini au nyuma ya ghala. Sasa wajukuu wameanza kuzishusha.

Mjukuu huuliza kama ni Raleigh, na jibu karibu kila mara ni ndiyo. Kwa wazee wengi, baiskeli yoyote nyeusi, ndefu na nzito ni Raleigh. Usiridhike na jibu hilo.

Anza na bomba fupi la mbele linaloshika usukani. Hapo ndipo nembo ya bati hupigwa ribiti, na hata ikiwa imeng'oka, matundu yake hubaki. Pima nafasi kati ya tundu na tundu, kisha tafuta fremu nyingine yenye nembo ulinganishe. Raleigh wa Nottingham waliweka kichwa cha korongo. BSA waliweka bunduki tatu zilizosimamishwa kwa kuegemeana, maana kampuni hiyo ya Birmingham ilizaliwa mwaka 1861 ikitengeneza silaha. Kama gia kubwa ya pedali ni ya asili, itazame vizuri pia, maana wenye viwanda waliikata kwa maumbo yao: vichwa vya korongo kwa Raleigh, kiganja cha mkono kwa Rudge, watu watano walioshikana mduara kwa Humber. Mimi sijaona gia nzuri kushinda hiyo ya Humber, na nashangaa watu wanaibadilisha kwa ya dukani isiyo na sura.

Lakini jina peke yake linaweza kukupoteza. Mwaka 1949 kiwanda cha TI (Tube Investments) kilianzishwa Madras, India, na majina ya Hercules, Phillips na BSA yakahamia huko. Miaka michache baadaye Raleigh nao wakashirikiana na Wahindi huko Asansol, Bengali, chini ya jina la Sen-Raleigh. Kwa hiyo tafuta jina la mji kabla ya jina la kampuni. Nembo ya Hercules bila neno Birmingham haijakuhakikishia kitu.

Huko Uingereza kwenyewe wakubwa walikuwa wakiwameza wadogo, na hilo humsaidia mtafuta miaka. Raleigh walimchukua Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na idara ya baiskeli ya BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 wakaungana na kundi la TI lililokuwa na Phillips na Hercules. Sasa, Raleigh walikuwa na ukaidi wao: uzi wa vikombe vya ekseli ya pedali waliukata nyuzi 26 kwa inchi, wakati wenzao wengi Waingereza walikata 24. Ukifungua fremu yenye nembo ya Rudge ukakuta uzi wa 26, una sababu nzuri ya kusema ilitengenezwa baada ya 1943. Ushahidi wa namna hii msasa haufuti, kwa kuwa umefichwa ndani ya grisi iliyoganda.

Kuhusu namba ya fremu, kwenye Raleigh nyingi za zamani imegongwa pale bomba la kiti linapoingia kwenye fremu. Osha kwa maji ya sabuni na mswaki, paka chaki, futa juu juu ili chaki ibaki kwenye mikwaruzo, kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu. Ipige picha. Ila usikimbilie kuigeuza kuwa mwaka, kwa sababu Raleigh walirudia mifululizo ya namba zao, na namba ileile inaweza kuangukia miaka tofauti. Ni shahidi anayehitaji wenzake.

Shahidi bora kuliko wote ni habu ya nyuma, kama una bahati ya kukuta ya gia tatu ya Sturmey-Archer. Juu ya ganda lake hugongwa aina na tarehe: ukisoma AW 52 3, ni Machi 1952. Hata hivyo hiyo ni tarehe ya habu. Gurudumu huhama kutoka baiskeli moja hadi nyingine kama kuku wa jirani, na zilizofika huku nyingi zilikuwa na gia moja tu. Kuhesabu spoki nako hakusaidii sana. Mtindo wa Kiingereza ni 32 mbele na 40 nyuma, lakini Wahindi na Wachina waliunakili wote, hesabu ikiwemo. Phoenix ya Shanghai na Flying Pigeon ya Tianjin ukizitazama kwa mbali utaapa ni za Nottingham.

Usiisahau ya nyumbani. Kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam kilitoa Swala, na kuna watu watavunjika moyo wakigundua fremu ya babu ni Swala. Sioni kwa nini. Swala inaeleza habari za miaka ya viwanda vya umma na maduka ya kampuni za biashara za mikoa (RTC) kuliko Raleigh yoyote.

Baada ya chuma, muulize mwenyewe kama yupo, ila usimwulize mwaka. Mwambie, "Babu, shikamoo. Hii baiskeli uliipata kabla hujamwoa bibi, au baada?" Atakujibu kitu kama, "Marahaba. Bibi yako nilimleta juu ya keria hii hii, na watu walikuwa bado hawajahamishiwa vijijini." Hapo umeshapata ukuta, kwani Operesheni Vijiji ilipamba moto kuanzia 1973. Uliza pia kama kibati cha leseni ya baiskeli kimehifadhiwa sandukuni.

Kisha tazama majeraha. Kipande cha nondo kilichochomelewa chini ya keria ili ibebe gunia. Bomba la juu lililopasuka likazungushiwa bati na kuzibwa kwa shaba. Wafipa ni mafundi chuma wa siku nyingi. Hadi karne ya 20 walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye ilungu, tanuru refu la udongo linalovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Mimi nisingeondoa kiraka cha shaba kilichobeba samaki kutoka bondeni kwa miaka thelathini, eti ili fremu ifanane na picha ya katalogi ya Kiingereza. Kama kimeachia, kizibwe upya palepale.

Ukishaandika yote hayo kwenye daftari, ndipo umpe fundi kazi. Namba aifunike kwa karatasi ya gundi kabla ya kupuliza rangi, na uzi wa vikombe asiupake kabisa. Vikombe vya zamani, hata vikiwa vimeliwa na gololi, usivitupe. Nenda na kimoja mfukoni dukani. Muuzaji atakwambia vyote ni saizi moja. Vilaze viwili, cha zamani na kipya, uzi kwa uzi, uvitazame kwenye mwanga: vya 26 na vya 24 haviumani, na pengo utaliona kabla hujatoa hela.