Askari wa Njia ya Kwanza

Askari anayepangiwa zamu pale Mpondwe, mpakani karibu na Bwera, au doria ya usiku katika mji wa Kasese, hachagui mahali pa kusimama. Hupokea amri, akaenda. Ndivyo ilivyomfika John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, mjini Munich tarehe 2 Septemba 1972, alipopangiwa njia ya kwanza katika fainali ya mbio za mita 400 za kuruka viunzi.

Njia ya kwanza ndiyo ya ndani kabisa, na kona zake ni kali kuliko zote. Viunzi ni kumi, na mtu mwenye miguu mirefu hutaabika sana kuviruka huku akipinda. Njia za nje walikuwako David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 aliyeshika rekodi ya dunia, na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua aliwapita wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hapakuwa na mwanadamu aliyepata kushuka chini ya sekunde 48. Mann alipata 48.51, Hemery 48.52. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Shujaa huyo alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, mtoto wa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya arobaini. Utotoni alichunga ng'ombe. Alipoingia polisi alimkuta Jorem Ochana, afisa aliyekuwa mruka viunzi hodari, naye akamfundisha. Baadaye Mwingereza Malcolm Arnold alimkimbiza akiwa amevaa fulana yenye vyuma vizito. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa nne. Wa nne hapewi kitu, na pengine ndiyo iliyomfaa.

Mwaka 1976 hakupata nafasi ya kulitetea taji lake. Uganda ilijiunga na nchi nyingine za Afrika kususia michezo ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Sababu ilikuwa ya haki, lakini gharama yake ililipwa na wanamichezo. Mmarekani Edwin Moses alishinda, akaivunja na rekodi ile.

Utawala wa Idi Amin, ambao chini yake Walango wengi waliuawa, ulipoanguka mwaka 1979, bingwa huyu alikimbilia Kenya, akawa mkimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimpa kazi Ujerumani. Katika miaka ya 1980 alirejea nyumbani na kuwafundisha wakimbiaji wa polisi. Alifariki mwezi Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47.

Dhahabu ya pili ya Uganda ilichukua miaka 40 kufika. Aliileta Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012, naye alikuwa askari magereza.