Baada ya jasho, jibu liko sokoni

Ukitoka Jinja kwenda Mbale, safari unaianzia kwenye kingo za Mto Nile na kuimalizia chini ya Mlima Elgon. Katikati ni miwa, mpunga na vijiji vya viazi vitamu. Hili ni eneo la watu wanaotoka jasho. Jinja kuna raga, kuna vijana wanaopiga makasia kwenye maporomoko ya Nile, kuna waendesha baiskeli za abiria wanaokanyaga pedali kutwa nzima. Mbale ni lango la kupandia Sebei, kwenye miteremko ya Elgon walikotoka Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki, aliyeshinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Tokyo mwaka 2021. Na Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 5,000 Tokyo na mita 10,000 Paris mwaka 2024.

Vijana wanaotaka kufuata nyayo hizo hawakosi bidii. Wanachokikosa mara nyingi ni jibu la swali dogo: mazoezi yakiisha, nile nini, ninywe nini? Na pale jibu linapokosekana, dukani kuna mtu wa kulitoa. Atakuonyesha kopo la unga wa protini lenye picha ya mtu mwenye kifua kama jiwe la kusagia, au chupa ya kinywaji cha kuchangamsha iliyotoka kwenye jokofu. Kijana aliyekimbia tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni anatoa noti yake ya mwisho, anakunywa, anapata nguvu za nusu saa, kisha anakaa hadi saa 8 mchana ndipo anapokutana na chakula chake cha kwanza. Huyo hajarudisha alichopoteza. Kesho atakimbia akiwa na deni.

Tuangalie kwanza kilichopotea. Misuli huhifadhi wanga katika umbo la sukari iitwayo glaikojeni. Mazoezi makali ya saa moja na nusu au zaidi huichota sehemu kubwa ya akiba hiyo, na kuijaza upya huchukua takriban saa 24, tena kwa mtu anayekula vizuri. Nyuzi za misuli nazo hupata michubuko midogo midogo inayohitaji protini ili kujengeka. Na jasho hutoka na maji pamoja na chumvi. Mahitaji ni hayo tu: wanga, protini, maji na chumvi. Hakuna cha tano kilichofichwa ndani ya kopo.

Haraka ya kula inategemea utafanya mazoezi tena lini. Kama ni kesho jioni, milo yako ya kawaida inatosha, mradi iwe ya kutosha kweli. Lakini anayekimbia alfajiri na kurudi tena uwanjani saa 10 jioni hana muda wa kupoteza. Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri mtu wa namna hiyo apate takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 60 kwa saa, yaani viazi vitamu viwili vya wastani vilivyochemshwa. Protini ni gramu 20 hadi 25 kwa mlo. Zaidi ya hapo faida huwa ndogo, hata lebo ya kopo iseme nini.

Sasa twende kwa muuza rolex. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asishtuke: si saa ya Uswisi. Ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga yenye nyanya, kitunguu na kabichi, na jina lake ni Kiingereza cha mayai ya kuviringisha kilichotamkwa haraka haraka hadi kikageuka. Husimuliwa kuwa aliyeianzisha alikuwa Msoga, na watu wa Jinja hulisema hilo kwa fahari. Mwanamichezo ana sababu nyingine ya kujivunia. Mayai mawili yana gramu 12 hivi za protini, na ngano ya chapati huongeza nyingine, kwa hiyo unakaribia gramu 20. Chapati moja nzito hukupa wanga wa gramu 40 au zaidi. Kuna chumvi ndani yake. Kuna mboga mbichi kidogo. Ongeza ndizi mbivu moja pembeni na umemaliza kazi ya kopo zima la dukani. Kasoro yake ni mafuta, maana wapishi wengine humimina kana kwamba wanazima moto. Mwambie apunguze, anakusikia.

Asiyependa vya kukaanga asihangaike. Ukanda huu ni wa viazi vitamu, na Busoga huliwa na mchuzi wa karanga au samaki. Hapo ndipo anapoingia samaki ninayemwona kuwa amedharauliwa kuliko wote, mukene. Ndiye dagaa wa Mwanza, ndiye omena wa Kisumu. Ziwa ni moja, majina matatu. Akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, analeta pia kalsiamu. Gramu 40 hivi za mukene mkavu, kiasi cha kujaza kiganja vizuri, zinatosha kwa mlo mmoja wa baada ya mazoezi. Wengi humwona kuwa chakula cha masikini, au cha kuku, kisha huenda kununua protini ya unga iliyovuka bahari. Tahadhari moja: mukene aliyeanikwa chini huja na mchanga. Chagua aliyekaushwa juu ya nyavu au vichanja, mchambue, umwoshe kwa maji ya moto kabla ya kumpika.

Mbale ina sahani yake. Wagisu hupika malewa, machipukizi ya mianzi kutoka Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, kwenye mchuzi mzito wa karanga, na huyala pamoja na matoke. Lakini tusiisifu sahani kwa sababu isiyo yake. Malewa yenyewe hayana nguvu nyingi. Kazi hufanywa na karanga, ambazo karibu robo ya uzito wake ni protini, na matoke ndiyo yenye wanga. Anayechota malewa mengi na matoke kidogo kwa kuogopa kunenepa, baada ya kukimbia kilomita 20, anajinyima kile hasa alichokimaliza njiani. Posho na maharage nayo, ugali ule ule wa Kenya na Tanzania, ni mlo kamili usiohitaji kutetewa. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 za protini.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kuhusu wakimbiaji kumi hodari wa Kikalenjin waliokuwa kambini nchini Kenya, ng'ambo ya pili ya Elgon. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata kwa siku zilitokana na wanga, kwa wastani wa gramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Ugali ulikuwa chakula chao kikuu, na sukari, nyingi ikiwa ya kwenye chai, ilikuwa na sehemu kubwa. Walikula mara tano kwa siku. Huo ndio ukweli ninaoutilia mkazo: hawakula kitu cha ajabu, walikula mara nyingi.

Chai ya maziwa yenye sukari, basi, si anasa ya baada ya mazoezi. Maziwa yana maji, protini, sukari yake ya asili na chumvichumvi, na watafiti wa Loughborough, Uingereza, walionyesha mwaka 2007 kwamba maziwa hubaki mwilini vizuri kuliko maji matupu baada ya kutoka jasho. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 8 za protini. Ila wasichana wanaokimbia, ambao wengi wao huwa na upungufu wa madini ya chuma, wasinywe chai pamoja na mlo wa mboga na maharage. Majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa. Wasubiri saa moja, na kwenye mboga wakamulie limau.

Maji nayo yana hesabu yake. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya maji iliyotoka, na ili kuirudisha unywe lita 1 na nusu, kidogo kidogo kwa saa kadhaa, kwa sababu mengine hupotea kwenye mkojo. Usiye na mizani, tazama rangi ya mkojo: wa njano iliyokolea unakudai. Kunywa maji mengi matupu kwa mpigo, bila chumvi wala chakula, si ushujaa. Huweza kushusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Siku ya joto kali na mazoezi marefu, lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha na si vya mlima, hufanya kazi vizuri. Ni kipimo kile kile anachopewa mtoto mwenye kuhara.

Juisi ya muwa inayokamuliwa Jinja, mji uliopakana na mashamba ya Kakira, ina sukari tele na inaweza kusaidia, lakini chumvi yake ni kidogo, na usafi wa mashine na barafu ndio unaoamua kama utarudi uwanjani au utaenda zahanati. Na wanaoshinda mtoni wasisahau: maji ya Nile hayanywewi mabichi, na kichocho huingia kwa ngozi, bila hata kumeza tone.

Vinywaji vya kuchangamsha ni jambo jingine kabisa. Nguvu yake ni sukari na kafeini. Sukari ungeipata kwenye ndizi. Kafeini ya jioni inakunyang'anya usingizi, na ni usingizini ndipo mwili unapofanya sehemu kubwa ya ukarabati wake.

Wachezaji wa raga hawatapenda aya hii. Baada ya mechi, bia ni desturi inayokaribia kuwa kanuni. Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwapa wanaume waliomaliza mazoezi magumu pombe nyingi pamoja na protini, na ujenzi wa misuli yao ukapungua kwa asilimia 24 ukilinganisha na walipopata protini peke yake. Pombe ilipoambatana na wanga bila protini, upungufu ulifika asilimia 37. Kiasi chao kilikuwa kikubwa, sawa na glasi 12 hivi, kwa hiyo glasi moja baada ya kushiba si msiba. Lakini kuna Jumamosi ambazo glasi 12 si habari ya maabara. Kula kwanza, kunywa maji kwanza.

Turudi kwenye lile kopo, maana hasara yake yaweza kupita bei. Chini ya kanuni za dunia za kupambana na dawa za kusisimua misuli, mwanamichezo ndiye mwenye dhamana ya kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Virutubisho vya unga na vidonge vimewahi kukutwa na vitu vilivyopigwa marufuku ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Adhabu yaweza kufika miaka 4, na kwa mkimbiaji wa miaka 20 hiyo yaweza kuwa riziki yake yote. Kijiko cha unga huo kina protini ya mayai matatu au manne. Sijasikia yai lililomfungia mtu.

Anayekimbia alfajiri Mbale kabla ya kwenda kazini anaweza kubeba mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbili na karanga za mfuko mdogo, akavila njiani kabla hajafika. Wenye shida zaidi ni wanafunzi wa bweni, ambao hawachagui saa ya kula. Katika shule nyingi uji hunywewa saa 4 asubuhi, posho na maharage huja saa 7 mchana, mazoezi huanza saa 10 na nusu jioni, na chakula cha usiku hakifiki mezani kabla ya saa 1 na nusu. Mtoto anayemaliza mazoezi saa 12 hukaa saa moja na nusu bila kitu, baada ya kuwa hajala tangu mchana. Mwalimu wa michezo anaweza kuomba sufuria moja ya uji wa timu isogezwe hadi saa 12 jioni, ikorogewe karanga za kusaga na chumvi kidogo. Unga ni ule ule, kuni ni zile zile, na mpishi huwa yupo jikoni saa hiyo akisubiri maharage yaive.