Wagonjwa wa Akili wa Bonde la Tana na Mifuko ya Kaunti

Mtu wa Garsen akishikwa na ugonjwa mkali wa akili, hata ikabidi alazwe, safari yake kwa kawaida ni ya Mombasa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Ndugu zake humpandisha basi, mmoja akaketi kulia kwake na mwingine kushoto, nao hupita Malindi na Kilifi mpaka wafike hospitali ya Port Reitz, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na wodi ya maradhi ya akili ya kuwatumikia watu wa Pwani nzima. Katika safari hiyo hupita mipaka ya Serikali tatu: ya Tana River, ya Kilifi na ya Mombasa. Kila moja ina gavana wake, Bunge lake na mfuko wake wa fedha. Nauli, hata hivyo, hutoka katika mfuko wa ndugu wa mgonjwa.

Zamani mambo yalikuwa magumu kuliko hayo. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kuwa makazi ya wenye wazimu, na kwa muda mrefu ndiyo iliyotegemewa na nchi nzima. Mgonjwa aliyetoka bonde la Tana kwenda huko alikwenda asikojua mtu, tena miongoni mwa watu wasioijua lugha ya kwao. Si ajabu kama jamaa zake walianza kumhesabu pamoja na marehemu.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mpango huo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kazi ya afya iliwekwa mikononi mwa kaunti, isipokuwa hospitali kubwa za rufaa za taifa. Mathari ikabaki kwa Serikali ya taifa. Port Reitz ikawa ya Kaunti ya Mombasa. Jambo hilo lilileta huduma karibu na wananchi, lakini kwa wagonjwa wa akili lilizaa shida ambayo wachache waliifikiria. Karani wa Mombasa akipiga hesabu ya dawa za mwaka, hana budi kuwafikiria kwanza watu wa Mombasa. Mgonjwa wa Garsen, na mwenzake wa Lamu anayepita njia hiyo hiyo, hutibiwa kwa fedha zilizopitishwa na Bunge ambalo wao hawakulichagua. Hakuna aliyekosa hapo. Hesabu ndizo hazikukutana.

Tena kaunti yenyewe ni ndefu mno. Watu wa chini, yaani Garsen, Ngao na Kipini, hutazama Malindi na Mombasa. Watu wa juu hutazama kwingine, kwa maana aishiye Madogo huvuka daraja tu akawa Garissa. Makao makuu ya kaunti yako Hola, katikati. Ndiyo sababu Tana River imejiunga na Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita, na papo hapo ikajiunga na baraza la kaunti za kaskazini. Ni kama mtu mwenye wajomba pande mbili: anaweza kupata msaada kotekote, au kila upande ukadhani upande mwingine umekwisha kumsaidia.

Wala haja si ndogo. Tangu Agosti 2012 mpaka mwanzo wa mwaka uliofuata, mapigano ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, wakiwamo wanawake na watoto. Riketa, Kilelengwani na Kipao ni majina yasiyosahaulika upesi. Nyumba zilizochomwa zilijengwa upya; lakini mtu aliyeona mtoto wake akiuawa hajengwi kwa miti na makuti. Baadaye yakaja mafuriko ya 2018, ya Novemba 2023 na ya 2024, yakawahamisha watu waliokwisha kuhama.

Mafuriko yana ubaya wa pili ambao ni mfamasia na muuguzi wanaoufahamu zaidi. Wagonjwa wengi wa wazimu mkali hudungwa sindano ya fluphenazine, ambayo nguvu yake hukaa mwilini majuma machache, kisha hurudiwa. Mwenye kifafa naye humeza vidonge vyake kila siku. (Kifafa si wazimu, wala hakiambukizi, lakini mara nyingi hutibiwa katika kliniki hiyo hiyo.) Dawa hizi si za bei kubwa. Hasara hutokea pale zinapokatika. Barabara ikifunikwa na maji, tarehe ya sindano hupita, na mtu aliyekuwa akilima shamba lake au kuchunga ng'ombe wake hurudi alikotoka. Kisha jamaa, wakiwa hawana njia nyingine, huchukua kamba.

Jirani zetu wa Kilifi wameonyesha jambo la kufaa. Huko wauguzi wa zahanati walifundishwa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kutambua na kutibu kifafa, wazimu, na ile huzuni iliyopita kiasi ambayo madaktari huiita sonona. Waganga wa kienyeji nao waliketi na watafiti wakazungumza, kwa kuwa wagonjwa wengi huanzia kwao. Muuguzi wa namna hiyo akiwa Garsen, na dawa zikiwa kabatini, safari ya Mombasa hubaki kwa wachache waliozidiwa.

Kwa hao wachache ndipo kaunti zinapohitajiana. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, imeweka wajibu wa huduma hii juu ya kila kaunti. Kwa hiyo hakuna sheria mpya inayongojewa. Lamu, Tana River, Kilifi na Mombasa zingeweza kuweka mfuko mmoja, kila moja ikatoa kwa kadiri ya wagonjwa wake. Daktari mmoja wa akili akazunguka Lamu, Garsen na Malindi kwa tarehe zinazojulikana. Na mgonjwa anayetoka Port Reitz akarudi na barua inayomfikia muuguzi wa kwao kabla ya siku ya sindano. Kwa upande wa Madogo na Bura, mapatano kama hayo yangefanywa na Garissa.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Makisio hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kuuliza katika mkutano huo ni kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya dawa za akili, na kama kuna muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo katika zahanati ya kwao.