Regata: Neno Lililotoka kwa Wapiga Makasia wa Venice

Neno regata, ambalo lugha nyingi za dunia hulitumia leo kwa mashindano ya vyombo vya majini, vya makasia au vya matanga, limetoka katika lahaja ya Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa na ambao mifereji ndiyo barabara zake. Mji huo uliishi kwa biashara ya baharini na kwa vita vya majini, hivyo ustadi wa kupiga makasia ulikuwa nguzo ya uhai wake. Mashindano hayo yanatajwa tangu karne ya 13, nayo ramani maarufu ya Jacopo de' Barbari ya mwaka 1500 inaonyesha mashua zikishindana.

Asili ya neno imezua mjadala. Wako wanaolihusisha na riga, yaani mstari, kwa kuwa mashua hupangwa safu moja kabla ya kuanza, na wengine hurejea kitenzi cha Kilatini remigare, yaani kupiga makasia. Maelezo yenye uzito zaidi, hata hivyo, ni yale yanayolitoa katika kitenzi regatar, kilichokuwa na maana ya kushindana na kung'ang'ania ushindi, na pia kuvutana bei sokoni, kwa sababu katika matumizi ya zamani ya Venice neno hilo lilimaanisha ushindani wenyewe kabla ya kufungamana na mashua.

Kutoka Venice neno lilifika Uingereza, ambako regata ilifanyika katika mto Thames tarehe 23 Juni 1775, kisha mji wa Henley ukaanzisha mashindano yake mwaka 1839, na polepole maana ikapanuka hadi kujumuisha mashua za matanga. Huko lilikozaliwa, neno bado linashikamana na kasia: kila Jumapili ya kwanza ya Septemba, katika Mfereji Mkuu wa Venice, mabingwa hushindana kwa gondolini, mashua nyembamba za watu wawili wanaopiga makasia wakiwa wamesimama na kutazama mbele. Wanne wa kwanza hutunukiwa bendera, nyekundu kwa mshindi, kisha nyeupe, kijani na buluu, na zamani yule wa nne alipewa pia mtoto wa nguruwe aliye hai.